Gari linazima mlimani: ubaki na tangi la kiwandani au uweke fueli seli?

Wenye magari wengi hufika gereji wakiwa na jibu mkononi: tangi la kiwandani ling'olewe, iwekwe fueli seli. Mimi huuliza kwanza gari linaumwa nini. Nimewahi kupokea Suzuki ambayo mwenyewe alikuwa ameshaagiza seli kutoka nje kwa fedha nyingi, na tatizo lote lilikuwa kifuniko cha tangi kilichoziba tundu lake la hewa. Roho iliniuma kwa niaba yake. Ndiyo maana ninaandika hapa dalili moja moja, chanzo chake, na mahali ambapo seli inasaidia kweli na ambapo haisaidii chochote.

Tuelewane majina kwanza. Fueli seli ya hapa si ile ya hidrojeni inayozalisha umeme. Ni tangi la usalama lililotoka kwenye magari ya mashindano: sanduku la bati au alumini, ndani yake mfuko wa mpira uliofumwa na nyuzi imara, na ndani ya mfuko sponji yenye matundu wazi ambayo mafuta hupita katikati yake. Za bei nafuu hazina mfuko. Ni boksi la plastiki nene lenye sponji ndani. Zilienea kwenye mashindano ya Marekani baada ya mwezi Mei 1964, pale madereva Eddie Sachs na Dave MacDonald walipokufa kwa moto Indianapolis, siku chache baada ya dereva mwingine, Fireball Roberts, kuungua vibaya huko Charlotte. Naye alifariki Julai. Kwa hiyo seli ilitengenezwa ili dereva asiungue gari linapogonga au kupinduka. Faida nyingine zote zilikuja nyuma ya hiyo.

Linazima kwenye mwinuko mkali, likirudi tambarare linawaka

Hii ndiyo dalili inayowaleta wengi, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Chukua tangi la urefu wa sentimita 80, upana 60 na kina 20. Likijaa ni lita 96. Weka lita 20 ndani. Gari likiwa tambarare, mafuta yana kina cha sentimita 4 na kidogo, na mdomo wa pampu ulio katikati unayafikia bila shida. Sasa panda mlima wa nyuzi 30. Mafuta yote yanakimbilia nyuma na kujikusanya kwenye sentimita 34 za mwisho. Katikati ya tangi, sentimita 40 kutoka nyuma, ni pakavu kabisa. Una lita 20, geji inasema robo inakaribia, na injini inavuta hewa.

Dawa ya kwanza haina gharama: jaza nusu tangi kabla ya kuingia milimani, kisha rudia mlima uleule. Ikiwa gari halizimi tena, umeshajua ugonjwa. Ikiwa linazima vilevile na tangi limejaa, acha kulilaumu tangi.

Kwenye gari la kabureta, hasa hizi Suzuki Samurai tunazozipenda, mara nyingi kosa liko ndani ya kabureta yenyewe. Bakuli lake lina boya, na gari likilala sana boya linafunga au kufungua pasipo wakati. Angalia namna linavyozima. Likitoa moshi mweusi, likakohoa na kunuka petroli, limezama mafuta. Likififia taratibu kama taa inayoishiwa mafuta ya taa, limekosa. Limezama? Hakuna tangi duniani litakaloliponya. Shughulikia boya, au hamia kwenye injekta. Gari la injekta hupimwa kirahisi zaidi: funga geji ya presha kwenye bomba la mafuta, ifunge mahali unapoiona, panda nayo mlima. Mifumo mingi hufanya kazi karibu na baa 3. Sindano ikianza kucheza kabla injini haijakohoa, mdomo wa pampu unavuta hewa.

Sasa hapa ndipo watu hukosea. Wanaamini sponji ya seli hushikilia mafuta mahali pake. Haishikilii. Sponji hupunguza kasi ya mafuta kurukaruka, kwa hiyo inasaidia sana kwenye mabonde madogo, kona za ghafla na kuruka matuta. Lakini ukisimama dakika 3 kwenye mwamba huku pua ya gari ikiangalia mbingu, ukisubiri mwenzako avute winchi, mafuta yatapenya katikati ya sponji na kutelemka nyuma kama yalivyofanya kwenye tangi la kiwandani. Maji hutafuta usawa, na petroli ni vivyo hivyo. Seli nzuri ina kisanduku ndani yake chenye vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, ili mafuta yaingie yasitoke. Kama unayotaka kuinunua haina kisanduku hicho, haitakuponyesha ugonjwa huu.

Na kama ugonjwa ni huu tu, iko njia rahisi zaidi: acha tangi la kiwandani, ongeza kitangi kidogo cha akiba cha lita 2 karibu na injini. Pampu ya presha ndogo hukijaza kutoka tangi kubwa, pampu ya presha kubwa huvuta kutoka chini yake, na ziada hurudi tangini. Gari linalotambaa kwenye miamba kwa kiasi cha lita 10 kwa saa litaishi dakika 12 kwa lita hizo 2 hata kama tangi kubwa linavuta hewa tupu. Dakika 12 kwenye mwinuko mmoja ni nyingi. Kitangi hiki kisimame wima, kiwe chembamba na kirefu, na kifungwe mbali na ekzosi.

Linapoteza nguvu baada ya nusu saa, hata kwenye tambarare

Simama, zima, fungua kifuniko cha tangi taratibu. Ukisikia hewa ikifyonzwa kuingia ndani, umepata mchawi. Tangi halipumui. Kila lita inayotoka inahitaji lita ya hewa kuchukua nafasi yake, na isipoingia, pampu inavutana na ombwe mpaka ishindwe. Nimeona matangi ya bati yaliyojikunja ndani kwa sababu hii.

Chanzo huwa vumbi, matope ya mtoni, au mpira wa kupumulia uliobanwa kati ya bodi na chasisi wakati wa kufunga. Na yuko mdudu mmoja wa kumwogopa: nyigu anayejenga kwa udongo. Gari likilala wiki 2 uani, anapenda sana tundu la mpira wa kupumulia. Chomoa mpira wote, upulize kwa kompresa kutoka upande wa tangi, kisha ufunge kichujio kidogo mdomoni.

Kwa aliyekwisha kuweka seli, uliza swali hilohilo kwa namna nyingine. Seli hupumua kupitia vali yenye kigololi, inayojifunga gari likipinduka ili mafuta yasimwagike. Kigololi hicho hunasa. Nimekikuta kimenasa kwa vumbi lililochanganyika na petroli likawa ulimbo, na mwenye gari ameshabadilisha pampu mbili. Vilevile seli mpya huja na vizibo vya plastiki kwenye matundu yake. Fundi akisahau kimoja, gari litatembea vizuri gereji na kufa njiani.

Ikiwa kifuniko hakifyonzi, angalia joto. Pampu husukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ukiifunga nje ya tangi, juu ya usawa wa mafuta, karibu na bomba la moto, petroli inachemka ndani ya mpira kabla haijafika pampu. Huku kwetu nyanda za juu hali ni mbaya zaidi: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na petroli huchemka mapema kuliko Mombasa. Tangi la kiwandani la gari la injekta kwa kawaida lina pampu ndani, imezama kwenye mafuta yanayoipoza. Seli nyingi za bei nafuu hukulazimisha kuweka pampu nje. Hiyo ni hatua ya kurudi nyuma, na hakuna muuzaji anayekueleza. Pampu ya nje ikae chini kuliko sehemu ya chini ya seli, karibu nayo iwezekanavyo.

Harufu ya petroli, au matone chini ya gari

Jiulize harufu inakuja lini. Ikija mara tu baada ya kujaza na kupotea tangi likifika nusu, kinachovuja kiko juu ya tangi: oringi ya pampu, mipira ya juu, au shingo ya kujazia. Ikiwepo wakati wote, tafuta chini. Matangi ya bati hupasuka pale mikanda inapoyashika, kwa sababu barabara zetu za makorongo huyatikisa mwaka mzima na mchanga huingia kati ya mkanda na bati ukisaga kama msasa. Gari likiwa na kompyuta ya injini yenye taa ya hitilafu, msimbo P0442 au P0455 unakuelekeza kwenye mvuke unaotoroka, na kifuniko kisichoshika vizuri ndicho cha kwanza kushukiwa.

Madereva wa safari za mbuga wanajua dawa ya njiani: kipande cha sabuni ya mche, kikavu, unasugua kwenye ufa mpaka ushike. Inazuia petroli kwa saa kadhaa, inakufikisha mjini. Siyo matengenezo.

Na hapa naomba unisikilize kama ndugu. Usichomelee tangi la petroli kwa sababu tu halina kitu ndani. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Mpe fundi anayejua kulifukuza mvuke wote na kulijaza gesi isiyoshika moto, au nunua lingine. Vijana wamekufa kwa jambo hili.

Kwa seli, harufu hutoka kwenye sahani ya juu inayofungwa kwa boliti nyingi kuzunguka mdomo. Zikazwe kwa kuvukana, kidogo kidogo, kama unavyokaza hedi ya silinda. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, gasketi inakunjwa upande wa pili na hutapata amani.

Lakini chanzo kibaya zaidi cha harufu kwenye gari lenye seli ni mahali ilipowekwa. Tangi la kiwandani liko chini ya sakafu, nje ya chumba cha abiria. Wengi wakiweka seli huipandisha juu, nyuma ya viti, ili isigongwe na mawe. Hilo ni wazo zuri likiwa na ukuta wa bati uliozibwa kila tundu kati ya seli na watu. Bila ukuta huo umechukua kitu kilichokuwa nje ukakileta mgongoni mwa mwanao. Seli ndani ya kabini isiyo na ukuta ni hatari kuliko tangi la kiwandani, hata kama cheti chake ni cha dhahabu.

Filta inaziba kila mara

Ikate filta ya zamani uisome. Unga wa kahawia ni kutu ya tangi la bati. Tangi lioshwe au libadilishwe. Matone ya maji yaliyokaa chini ni mafuta machafu au umande wa tangi linaloachwa nusu usiku kucha. Vipande laini vinavyovunjikavunjika vidoleni kama makombo ya mkate, vyeusi au vya njano: hiyo ni sponji ya seli inaoza.

Sponji ina umri, na hilo linawashangaza watu. Ile iliyotengenezwa kwa polyester huharibiwa na joto na unyevu; Wamarekani waligundua hivyo katika ndege zao za kivita wakati wa vita vya Vietnam. Iliyotengenezwa kwa polyether hustahimili zaidi. Kama unakaa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, uliza aina gani kabla ya kulipa. Fungua seli kila mwaka, ingiza mkono, minya sponji. Ikikatika kirahisi au ikiacha unga mkononi, itoe yote siku hiyohiyo. Usichuje tu ukaendelea, maana makombo yatafika kwenye injekta.

Mfuko wa mpira nao una tarehe. Kwa seli zenye cheti cha FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, kama kiwango cha FT3-1999, mfuko huruhusiwa kwa miaka 5 tangu kutengenezwa, na unaweza kuongezewa hadi miaka 2 ukirudishwa kwa mtengenezaji ukakaguliwa. Tarehe imechapwa kwenye mfuko wenyewe. Seli za mtumba zinazouzwa mitandaoni kwa nusu bei mara nyingi zimeshapita muda huo. Tangi la kiwandani la Land Cruiser la mwaka 1995 bado linafanya kazi chini ya magari mengi hapa. Linganisha hayo mawili kabla ya kusema lipi ni ghali.

Geji inadanganya

Baada ya kuweka seli hili ni jambo la kawaida. Boya la seli nyingi za Marekani hupima 0 hadi 90 omu, au 240 hadi 33, na geji ya gari lako inatarajia namba nyingine. Nunua geji inayolingana na boya. Kwenye tangi la kiwandani, angalia waya wa ethi kwanza.

Tangi limegongwa na jiwe

Lala chini uangalie. Tangi lililobonyea kwenda juu linaweza kuwa limesogelea mdomo wa pampu mpaka ukazibwa na sakafu ya tangi. Gari litavuta vizuri likienda polepole na kukohoa likiombwa nguvu. Watu hubadilisha pampu, filta, hata kompyuta, kumbe tangi limekunjwa. Samurai ina tangi la lita 40 nyuma, chini ya sakafu ya mizigo, na hupigwa pale inaposhuka ngazi za mawe na mkia kugusa chini. Ngao ya chuma ya milimita 4 iliyofungwa kwenye chasisi, siyo kwenye tangi lenyewe, imemaliza tatizo hilo kwenye magari mengi niliyoyashika. Acha nafasi ya kidole kati ya ngao na tangi, na toboa matundu ya kutoa matope.

Ngao ikishindwa, yaani gari limeinuliwa, springi zimehamishwa, difu inapanda mpaka inagusa tangi, hapo sasa tuanze kuzungumza seli kwa moyo mmoja. Tangi halina pa kukaa tena.

Basi nani aweke seli

Anayeshindana. Rali zinazosimamiwa na FIA hulazimisha magari ya daraja la juu kubeba tangi la usalama lenye cheti, na hilo halina mjadala. Anayetambaa kwenye miamba kwa gari la petroli, mwenye keji ya mabomba na mkanda wa pointi nne, anayejua kwamba kupinduka ni sehemu ya siku. Kwenye Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini ya Kenya yanayofanyika tangu 1989, magari hutafuta vituo 13 ndani ya saa 10 na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi. Kufupisha umbali maana yake ni kukata korongo badala ya kulizunguka. Gari la petroli linaloendeshwa hivyo linastahili seli, na dereva wake anastahili zaidi.

Anayebeba watalii kwa dizeli, hapana. Dizeli haishiki moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, ilhali mvuke wa petroli huwaka hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri. Land Cruiser Troop Carrier ya 78 yenye matangi mawili ya lita 90 hubeba lita 180, na ndiyo inayomrudisha mgeni kutoka upande wa Ziwa Natron bila dereva kuomba madumu. Ukiibadilishia seli ya lita 60 umempunguzia theluthi mbili ya safari, na sponji imekula nyingine kama asilimia 3. Huyu anahitaji mikanda mipya ya tangi, ngao, na kitenganisha maji kilicho safi.

Wa katikati, mwenye gari la petroli la kwenda kazini Jumatatu na milimani Jumamosi, ndiye ninayebishana naye sana. Ninamwomba abaki na tangi la kiwandani, aongeze kitangi cha akiba na ngao. Seli itamchosha kituoni, maana sponji hupokea mafuta polepole na bomba la kituo hujizima kila lita chache, na petroli humrukia mhudumu mikononi.

Ukiamua kuiweka, mikanda ishike fremu au chasisi, isishike bati la bodi. Mpira wa kupumulia upande juu kuliko seli, uzunguke, kisha ushuke kutokea chini nje ya gari. Waya wa ethi uunganishe shingo ya kujazia na chasisi ili cheche ya umemetuli isizaliwe wakati wa kujaza. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yaingie mbali na mdomo wa pampu, kwa kuwa yanarudi na mapovu. Mipira yote iwe ya petroli ya injekta. Mpira wa maji huvimba na kupasuka.

Kisha fanya jaribio hili, iwe umeweka seli au umebaki na tangi lako. Tafuta mwinuko unaoujua, na mtu wa kukusimamia pembeni. Ingia ukiwa na lita 10, ongeza tano tano, kila mara simama pale juu dakika 3 injini ikiwa inaunguruma, huku unaangalia geji ya presha. Rudia ukiwa umelalia kulia, kisha kushoto. Kiasi ambacho sindano haitikisiki upande wowote ndicho tangi lako tupu la kweli ukiwa milimani. Kiandike kwa kalamu isiyofutika kwenye dashibodi, pembeni ya geji.